Kundi la Damu na Bakteria wa Tumbo: Tathmini ya Kifurushi cha Kujipimia Nyumbani

Kifurushi ninachokitathmini hapa huuzwa kwa ahadi moja, nayo imechapishwa kwa herufi nene juu ya boksi: kwamba mtu akilijua kundi lake la damu atajua pia ni kwa kiasi gani tumbo lake liko tayari kushambuliwa na bakteria wanaosababisha vidonda. Ndani ya boksi mna vitu vitatu, yaani kadi ya kupimia kundi la damu, kipimo cha haraka cha kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu) dhidi ya Helicobacter pylori, ambaye ndiye bakteria huyo wa vidonda, na kijitabu kinachomwelekeza mtumiaji namna ya kuyasoma majibu ya vipimo hivyo viwili kwa pamoja. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa sababu vifurushi vya aina hii huuzwa kwa majina mengi, na kwa sababu ninalotaka kulisema halihusu kiwanda kimoja bali wazo lenyewe la kuviunganisha vipimo hivi. Kwa maoni yangu, kadi ni nzuri, kipimo cha kingamwili ni dhaifu, na kijitabu, ambacho ndicho kinachoupa mchanganyiko huu mvuto wake sokoni, kinapotosha.

Nianze na kadi, kwa kuwa ndiyo inayostahili sifa. Ina viduara vinne. Cha kwanza kimepakwa kingamwili dhidi ya antijeni A (antijeni hapa ni alama zilizo juu ya chembe nyekundu za damu), cha pili dhidi ya antijeni B, cha tatu dhidi ya antijeni D, ambayo ndiyo inayotufanya tuseme kwamba damu ya mtu ni chanya au hasi, na cha nne hakikupakwa kingamwili yoyote, kazi yake ikiwa ni kuhakikisha kwamba damu haishikamani yenyewe bila sababu. Mtumiaji hudondosha tone la maji katika kila kiduara, hutoboa ncha ya kidole, huchukua damu kidogo kwa kijiti cha plastiki na kuikoroga, kisha huiinamisha kadi taratibu upande mmoja baada ya mwingine. Katika damu yangu viduara vya A na B vilibaki na wekundu laini ulioenea sawasawa, ilhali katika kiduara cha D chembe zilianza kushikana punde tu kadi ilipoinamishwa, zikafanya punje ndogo ndogo nyekundu zilizoacha karatasi nyeupe ikionekana katikati yake. Kiduara cha nne hakikubadilika. Jibu lilikuwa O chanya, na lililingana na lile lililoandikwa katika kumbukumbu zangu za hospitali.

Maelekezo ya kadi yameandikwa kwa ufasaha, michoro yake inaeleweka, na vijisindano vya kutobolea kidole ni vya kutumika mara moja tu kisha hujifunga vyenyewe, jambo ambalo si kila mtengenezaji hulizingatia. Ningependa tu kwamba pangekuwapo onyo lililo wazi zaidi kuwa kadi hii haitoshi kwa ajili ya kuongezewa damu. Maabara ya hospitali hupima chembe nyekundu na vilevile majimaji ya damu, ili jibu la upande mmoja lithibitishwe na la upande wa pili, na kabla ya mgonjwa kuwekewa damu hulinganisha sampuli yake na ya mchangiaji. Hakuna hospitali makini itakayomwongezea mtu damu kwa kutegemea kadi aliyojipima mwenyewe mezani. Kama udadisi wa kulijua kundi lako ndio unaokusukuma, basi kadi inautosheleza kikamilifu.

Kipimo cha pili ni cha kawaida kabisa kwa yeyote aliyewahi kuona vipimo vya haraka: kibao cha plastiki chenye kitundu cha kudondoshea damu, kichupa cha kimiminiko cha kusukuma sampuli, na dirisha dogo ambamo mstari mmoja humaanisha hasi na mistari miwili humaanisha chanya. Kinachotafutwa si bakteria mwenyewe bali kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi yake. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kingamwili hizo hubaki katika damu kwa miezi mingi, mara nyingine kwa miaka, hata baada ya bakteria kutokomezwa kwa dawa, hivyo mstari wa pili hauwezi kumwambia mtu kama ana maambukizi leo au aliwahi kuwa nayo zamani. Miongozo ya kitabibu ya miaka ya karibuni haipendekezi vipimo vya haraka vya kingamwili kwa ajili ya kuamua nani atibiwe, na haivikubali kabisa kwa ajili ya kuthibitisha kwamba mtu amepona.

Mfano wa hilo ulikuwa mezani pangu. Niliwahi kutibiwa maambukizi haya miaka kadhaa iliyopita. Mstari wa pili ulijitokeza, mwembamba na wa rangi hafifu, na kijitabu kinasema, kama vilivyo vipimo vingi vya aina hii, kwamba mstari hafifu nao ni mstari. Nilikwenda kupima kwa pumzi. Katika kipimo hicho mtu hunywa kinywaji kilichotiwa urea yenye kaboni maalumu. Iwapo bakteria yupo tumboni, kimeng'enya chake kiitwacho urease huivunja urea hiyo ikawa amonia na kaboni dioksidi, na kaboni ile maalumu huonekana katika pumzi baada ya muda mfupi. Jibu lilikuwa hasi. Tumbo langu halikuwa na bakteria, ila damu yangu bado inamkumbuka. Kwa mujibu wa kijitabu, hata hivyo, mtu wa kundi O mwenye mistari miwili yumo katika daraja la juu kabisa la hatari, daraja lililopakwa rangi nyekundu, na anashauriwa aanze mpango wao wa vidonge mara moja.

Ni haki niseme pia kwamba kipimo cha kingamwili kina faida moja ambayo vipimo vingine havina. Mtu anayetumia dawa za kupunguza asidi, kama vile omeprazoli, anaweza kupata jibu hasi lisilo la kweli katika kipimo cha pumzi au cha kinyesi, kwa sababu dawa hizo huwapunguza bakteria bila kuwamaliza. Ndiyo maana huelekezwa kuziacha kwa wiki 2 kabla ya kupima, na kuacha antibiotiki na dawa za bismathi kwa wiki 4. Kingamwili haziathiriwi na hayo. Daktari anayejua historia ya mgonjwa anaweza kuitumia faida hiyo. Kijitabu hakiitaji, nami sioni ajabu, kwa sababu kurasa zake nyingi zimetengwa kwa ajili ya makundi ya damu.

Kijitabu hicho kinaanza vizuri. Kinaeleza kwamba Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba mwaka 1982, huko Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria aliyekuwa akionekana katika vipande vya tumbo vya wagonjwa, baada ya sahani za kuoteshea kuachwa kwa muda mrefu kuliko kawaida katika mapumziko ya Pasaka. Kinasimulia jinsi Marshall alivyokunywa mchuzi wa bakteria hao mwaka 1984 akapata uvimbe wa tumbo, na jinsi wawili hao walivyotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Yote hayo ni kweli. Kisha kinaruka, bila daraja, hadi kwenye kauli kwamba watu wa kundi O ndio wanaoambukizwa kwa urahisi na watu wa kundi A wamekingwa. Kauli hiyo ndiyo inayouza boksi, kwa hiyo inafaa ichunguzwe kwa utulivu.

Asili yake ni utafiti wa heshima. Mwaka 1953 Ian Aird na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba saratani ya tumbo iliwapata watu wa kundi A kwa wingi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 1954 wakaonyesha kwamba watu wa kundi O walikuwa na uwezekano wa kupata vidonda vya tumbo uliozidi wa wengine kwa takriban 35%. Matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wachangiaji damu zaidi ya milioni moja wa Sweden na Denmark, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta tena kwamba kundi A lilikuwa na hatari ya saratani ya tumbo iliyozidi ile ya kundi O kwa takriban 20%, na kwamba vidonda vilielemea upande wa kundi O. Lakini msomaji aangalie ni kitu gani kilichohesabiwa. Aird alihesabu vidonda na saratani, wala hakuhesabu maambukizi. Bakteria mwenyewe hakuwa akijulikana, na wala hakujulikana kwa takriban miaka 30 iliyofuata. Kuugua vidonda na kuambukizwa bakteria ni mambo mawili. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa na bakteria huyu, na walio wengi kati yao hawapati kidonda maisha yao yote.

Hapa ndipo kosa la kwanza la kijitabu linapoonekana, nalo si dogo. Mdogo wangu, ambaye ni wa kundi A, alikitumia kifurushi cha pili. Kipimo chake kilitoa mstari mmoja, na jedwali likamweka katika rangi ya kijani, likiwa na maneno ya kumpongeza kwa kuzaliwa na kinga ya asili. Kama kuna kundi ambalo utafiti wa zaidi ya nusu karne umelihusisha na saratani ya tumbo, basi ni hilohilo. Tofauti yenyewe ni ndogo na haimpasi mtu kuingiwa na hofu, lakini kumwambia mtu wa kundi A kwamba amekingwa ni kuisoma nusu ya ukurasa na kuifunika nusu nyingine. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimweka bakteria huyu katika orodha ya visababishi vya saratani vya daraja la kwanza mwaka 1994, na uamuzi huo haukutenganisha makundi ya damu.

Kosa la pili ni la kibiolojia, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndipo palipo na utamu wa somo zima. Mwaka 1993 Thomas Borén na wenzake walionyesha kwamba bakteria huyu hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo kwa kung'ang'ania sukari maalumu iitwayo antijeni ya Lewis b, na mwaka 1998 ikatambuliwa protini ambayo bakteria huitumia kushikia, iliyopewa jina la BabA. Sukari ya Lewis b inahusiana kwa karibu na makundi ya damu. Katika mtu wa kundi O mnyororo wa sukari hubaki bila kuongezewa kitu mwishoni. Katika mtu wa kundi A huongezewa sukari moja ya ziada, na katika mtu wa kundi B huongezewa galaktosi. Katika majaribio ya mwanzo, ile sukari ya ziada ya kundi A iliwazuia bakteria kushika, na maelezo yakaonekana kukamilika: mwenye O ana vishikio vilivyo wazi, mwenye A ana vishikio vilivyofunikwa. Kijitabu kinasimama hapo, kana kwamba saa ilisimama mwaka 1993.

Saa haikusimama. Mwaka 2004 kundi hilohilo la utafiti, likiongozwa safari hii na Marina Aspholm-Hurtig, lilikusanya bakteria kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kukuta kwamba walio wengi mno hushika sukari za makundi yote, A, B na O, bila ubaguzi wa maana. Waliopendelea O peke yake walipatikana hasa miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika Kusini, ambako karibu kila mtu ni wa kundi O, na ambako bakteria, kwa kukosa sukari nyingine ya kushika, walikuwa wamejifinyanga kufuata mwenyeji wao. Kwa maneno mengine, ni bakteria anayejirekebisha kulingana na watu anaowakuta, wala si watu wanaochaguliwa na bakteria mmoja asiyebadilika. Ni ugunduzi wa kupendeza mno, na umma ungefurahi kuusoma. Umeachwa nje, bila shaka kwa sababu unaliondolea jedwali la rangi sababu ya kuwapo.

Kuna jambo jingine ambalo kadi haiwezi kulipima hata ingetengenezwa kwa ustadi gani. Kundi la damu linalosomwa kwenye kadi ni lile lililo juu ya chembe nyekundu. Sukari zilizo kwenye ute na ukuta wa tumbo hutegemea pia jeni nyingine, iitwayo FUT2, iliyoko kwenye kromosomu ya 19, ilhali jeni ya makundi ya A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9. Mtu ambaye jeni yake ya FUT2 inafanya kazi hutoa antijeni za kundi lake katika mate, ute na majimaji mengine ya mwili. Ambaye haifanyi kazi hazitoi, na katika tumbo lake sukari ya Lewis b haipatikani kwa kiasi cha maana. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya watano ni wa aina hii ya pili. Hivyo watu wawili wanaweza kuwa wa kundi O, kadi zao zikafanana hadi mwisho, na kuta za matumbo yao zikawa tofauti kabisa katika jambo lilelile ambalo kijitabu kinadai kulipima. Kadi inachungulia dirisha ambalo si la nyumba inayotafutwa.

Na bado hata hilo halimalizi mambo, kwa kuwa katika miaka ya 1950 Cyril Clarke na wenzake huko Liverpool walikuta kwamba wasiotoa antijeni hizo katika mate ndio waliopata vidonda vya mwanzo wa utumbo mwembamba kwa wingi zaidi. Ingekuwa kishikio cha Lewis b ndicho kila kitu, ingetarajiwa kinyume chake. Tunajua pia kwamba bakteria ana njia nyingine za kushika: tumbo linapovimba, seli zake huonyesha sukari za aina nyingine, na bakteria huzishika kwa protini iitwayo SabA. Tena sehemu kubwa ya bakteria hawajashika kitu chochote. Wanaogelea katika ute, wakijikinga na asidi kwa ile amonia wanayoitengeneza wenyewe.

Kuhusu vidonda vya watu wa kundi O, kuna maelezo mengine ambayo sikuyaona popote katika kurasa za kijitabu. Watu wa kundi O wana kiwango cha chini zaidi, kwa wastani wa takriban 25%, cha protini ya von Willebrand, inayosaidia damu kuganda. Kiwango hicho si ugonjwa, ila kidonda kikishakuwapo, huenda kikavuja damu kwa urahisi zaidi, na mgonjwa anayetapika damu hufika hospitali na kuandikwa katika takwimu, ilhali mwenye kidonda kinachouma tu huenda akamaliza mwaka mzima akinunua dawa za kiungulia. Kipindupindu nacho kinafundisha tahadhari ya namna hiyo: watu wa kundi O huugua vikali zaidi wakishaambukizwa, lakini hilo si sawa na kusema kwamba wao ndio wanaoambukizwa zaidi. Ukali wa ugonjwa na uwezekano wa kuambukizwa havina budi kutenganishwa, na tafiti zilizojaribu kulinganisha maambukizi yenyewe ya Helicobacter pylori na makundi ya damu zimetoa majibu yanayopingana, baadhi zikiona tofauti ndogo na nyingine zisione chochote.

Yanayoamua nani ataambukizwa ni mambo ya maisha, nayo yanajulikana. Walio wengi huambukizwa utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumba moja, kwa njia ya mdomo, matapishi au kinyesi. Msongamano wa watu katika nyumba, maji yasiyo salama na ukosefu wa vyoo bora huongeza uwezekano huo kwa kiasi ambacho kundi la damu haliwezi kukikaribia. Bakteria akishaingia hukaa hadi atibiwe. Kijitabu kinayagusa haya katika aya moja fupi, baada ya kurasa kadhaa za rangi.

Sehemu ya mwisho ya kijitabu ni ya vyakula na vidonge kwa kila kundi la damu, na sitaipa nafasi kubwa. Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia watu 1,455 na kukuta kwamba mlo fulani ulipomnufaisha mtu ulimnufaisha bila kujali kundi lake la damu. Vidonge vya bakteria rafiki, ambavyo ndivyo vinavyopendekezwa kwa kundi O, huenda vikasaidia kupunguza maudhi ya dawa, lakini vikitumiwa peke yake haviaminiki kummaliza Helicobacter pylori. Matibabu yanayokubalika ni mchanganyiko wa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi zikiambatana na bismathi, kwa siku 14 katika miongozo mingi, na baada ya wiki zisizopungua 4 tangu dawa kuisha mgonjwa hupimwa tena kwa pumzi au kinyesi ili kuhakikisha amepona. Kinachowasumbua madaktari katika uchaguzi wa dawa ni usugu wa bakteria, hasa dhidi ya klarithromaisini, na kama mgonjwa amewahi kutumia dawa hizo hapo awali. Kundi la damu halimo katika mazingatio hayo.

Ushauri mmoja wa kijitabu ulinikera kuliko mengine yote, nao ni ule unaowataka wazazi wa kundi O wawapime watoto wao wote hata kama hawaumwi chochote. Miongozo ya madaktari wa watoto inaelekeza kinyume: mtoto hapimwi kwa sababu tu mzazi ana bakteria, sembuse kwa sababu ya kundi la damu, na vipimo vya kingamwili havitumiki kwa watoto katika uamuzi wa matibabu. Kumtoboa kidole mtoto asiyeumwa, kisha kumwekea alama nyekundu kwenye jedwali ambalo halina msingi, ni kumtwisha mzazi wasiwasi usio na tija.

Vilevile nililitafuta kwa makini onyo kuhusu dalili za hatari, nikalikuta katika herufi ndogo upande wa ndani wa jalada, likiwa limekatwa nusu na mkunjo wa karatasi. Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au chakula kukwama wakati wa kumeza, ni mambo yanayotaka daktari bila kuchelewa, na huenda yakahitaji kuangaliwa tumbo kwa kamera. Mtu mwenye mojawapo ya dalili hizo asipoteze hata jioni moja kusubiri mistari ijitokeze kwenye kibao. Mtu asiye nazo, lakini anayesumbuliwa na maumivu ya juu ya kitovu au kujaa gesi kusikoisha, atafaidika zaidi akiomba kipimo cha pumzi au cha antijeni za bakteria kwenye kinyesi, kwa kuwa vyote viwili huonyesha maambukizi yaliyopo sasa.

Kwa kigezo cha nyota, ningekipa kifurushi hiki mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kadi. Anayetaka kadi anaweza kuipata ikiuzwa peke yake, bila kibao na bila kijitabu.

Nilimwandikia muuzaji nikiuliza kwa nini jedwali linampongeza mtu wa kundi A, na ni vipi kadi inaweza kusema lolote kuhusu ukuta wa tumbo ilhali haipimi kama mtu hutoa antijeni katika mate. Jibu lilikuja upesi na kwa adabu. Kuhusu kundi A halikusema kitu. Kuhusu mate, lilinifahamisha kwamba kampuni inaandaa kipimo cha ziada cha mate, kitakachouzwa kando, na kwamba wateja wa zamani watapunguziwa bei. Hicho nacho sitakinunua, kwa kuwa mtu atakayekutwa na bakteria hai tumboni atapewa dawa zilezile, kwa idadi ileile ya siku, mate yake yawe na antijeni au yasiwe nazo.